Elfu na Nane

Saa kumi na moja alfajiri, umeme haujakatika bado,
nainama mbele ya kioo, kurunzi mdomoni.
Kipimo kinaelea, shingo nje kama bata:
elfu na nane.
Jana elfu na tisa. Juzi sikupima, nilikuwa msibani Katuba.

Ngoie ndiye aliyeniletea balaa hili.
Ameolewa Boma, kule mto unakobishana na bahari
hata maji yenyewe hayajui yamwitikie nani.
Alinitumia samaki watano kwa ndege hadi Lubumbashi,
ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko cha matundu:
samaki wa tope, macho juu ya paji,
wapandao mizizi ya mikoko kwa mapezi
na kukutazama kama karani wa mishahara.
Barua yake ilikuwa mstari mmoja:
"Baba, usiwape maji matamu, usiwape maji ya chumvi."
Basi niwape nini, mwanangu?

Mama Numbi wa dukani aliniuzia chumvi ya mezani.
Nikairudisha. Chumvi peke yake si bahari,
nilimwambia, na foleni nzima ikanicheka.
Magnesi niliipata kwa mfamasia, pakiti ya kufungua tumbo.
Chokaa niliipata bure: mawe ya Kakontwe
niliyoyaponda kwa nyundo uani, jirani akidhani najenga.

Wiki ya pili akafa mmoja. Wiki ya tatu, mwingine,
ubavu juu, mapezi yamekunjwa kama mikono ya mgeni.
Pe-ashi nane. Amonia hakuna. Nitriti hakuna.
Mimi niliyekaa maabara miaka thelathini na mmoja
nikisaga mawe ya watu, nikiandika asilimia,
nikasimama jikoni bila jibu.

Nikachemsha lita tatu hadi robo kikombe,
chumvi ikinata ukingoni mwa sufuria.
Nikadondosha amonia, nikachuja weupe.
Bluu.
Bluu ileile niliyoisubiri ujana wangu wote;
ilipokolea, mkuu wa idara alitupigia makofi,
ilipofifia, tulitembea kimya hadi kwenye basi.
Safari hii mikono ilinitetemeka.

Nikalishtaki bomba la mtaa.
Nikaushtaki moshi wa tanuru,
nikakinga mvua, saa ya kwanza nikiiacha ipite ioshe mabati,
nikabeba bidoni tisa, mgongo ukalia.
Bluu.

Mjukuu wangu Umba, miaka saba, ndiye aliyeuliza:
"Na lile jiwe, babu, halitoi rangi?"

Lile jiwe.
Malakiti, kubwa kama ngumi mbili,
kijani juu ya kijani, limesuguliwa likang'aa.
Tulipewa siku tuliposomewa majina uwanjani
na kuitwa walioondoka kwa hiari.
Mishahara ya nyuma haikulipwa. Jiwe lililipwa.
Nililiweka katikati ya tangi kwa sababu lilipendeza,
na samaki walipenda kulipanda jioni.

Nililitoa kwa kitambaa, kama mtu atoaye nyoka chumbani.
Sasa linazuia mlango wa choo usigonge.

Wamebaki watatu. Julai hii ya baridi
nawafunika kwa blanketi la marehemu mke wangu,
na maji yakipungua naongeza matamu tu,
maana kinachoondoka ni maji; chumvi haiendi popote.
Hilo Ngoie hakuniambia. Hilo nilikuwa nalijua.

Jana usiku mmoja alipanda juu ya chokaa,
jicho moja kwangu, jicho jingine kwenye maji.
Nikamwambia asubiri, kesho napima tena.

Kesho ndiyo leo. Elfu na nane.
Nimeandika kwenye daftari kuukuu la kampuni,
safu ya kulia, chini ya "Shaba, asilimia":
hakuna.
Nikapigia mstari mara mbili,
kama tulivyokuwa tukifanya kwa sampuli nzuri.